Siku moja tu ya magofu ya Wamaya: nimpeleke wapi mama mwenye magoti mabovu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtoto wa Tanga, naishi Houston na mume wangu na watoto wawili, wa miaka 8 na 12. Desemba hii mama anakuja kututembelea kutoka nyumbani, na tumepanga kukaa siku tano Cancún, Mexico. Siku moja nataka tukaone magofu ya Wamaya. Hotelini wanauza safari ya basi: Chichén Itzá, kuogelea kwenye kisima, chakula cha mchana na mji wa Valladolid, vyote siku moja. Rafiki yangu anasema twende Tulum, ni karibu na kuna bahari. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tena anasema yeye amekulia jirani na magofu ya Tongoni, kwa nini avuke bahari kwenda kuangalia mawe mengine? Na sisi ni Waislamu, sijui tutakula nini huko. Unatushauri nini?

Jibu: Marahaba mwanangu, na mama mwambie namsalimu sana. Nitaanza na swali lake, maana katika yote uliyoniandikia hilo ndilo lenye uzito.

Mtu aliyekulia Tongoni si mgeni wa magofu. Anaujua msikiti usio na paa na makaburi yenye nguzo. Anajua kwamba ukuta wa kale wa pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa, na kwamba chokaa haiokotwi: magogo hupangwa, mawe yakawekwa juu, moto ukawaka mpaka jiwe likaiva na kuwa unga mweupe. Mimi nimefanya kazi ya kuhifadhi kuta za namna hiyo kule Kilwa kwa miaka mingi, na siku nilipofika Yucatán, rasi ya Mexico yenye magofu haya, mara ya kwanza kilichonisimamisha hakikuwa ukubwa wa piramidi. Ilikuwa chokaa. Rasi yote ya Yucatán ni bamba la mwamba wa chokaa lililokuwa chini ya bahari zama za kale, na Wamaya, wenyeji wa asili wa huko, waliuvunja mwamba huo, wakauchoma kwa kuni nyingi mno, wakapata chokaa ya kushikia mawe na kupigia lipu. Upande wa pili wa dunia, bila kufundishwa na mtu wa kwetu na bila sisi kufundishwa nao. Hawakuwa na patasi za chuma. Hawakuwa na punda wala ng'ombe wa kuvuta mzigo, wala mkokoteni. Jiwe lilichongwa kwa jiwe gumu zaidi na kubebwa kwa mgongo. Ukimsikia mtu akisema piramidi hizi zilijengwa na viumbe kutoka angani, mwache apite. Mama yako akisimama mbele ya ukuta ule atajua kwa macho kwamba hii ni kazi ya mafundi.

Kwa hiyo mwambie mama haendi kuona mawe mengine. Anakwenda kuona ndugu za mawe anayoyajua.

Sasa, wapi? Jibu langu ni Chichén Itzá, na si kwa basi hilo la hotelini.

Tulum ni pazuri kwa picha, sikatai. Ni mji mdogo wenye ukuta, umejengwa juu ya jabali linalotazama bahari, na ni wa siku za mwisho mwisho, karne ya 13 hadi Wahispania walipoingia. Ila majengo yenyewe ni madogo, kivuli ni haba, na watu hufika kwa mamia kwa sababu ya ufuo. Bahari mtakuwa nayo siku nne Cancún. Siku ya tano msiitumie kutafuta bahari nyingine. Cobá, nayo ni magofu ya Wamaya, ningeishauri kama magoti ya mama yangekuwa mabaya zaidi ya hivyo unavyoeleza. Iko msituni, njia zake zina kivuli, na pale ndani hukodishwa baiskeli pamoja na baiskeli za magurudumu matatu ambazo mtu hukaa mbele akaendeshwa. Piramidi yake kubwa, Nohoch Mul, ina urefu wa mita 42. Lakini majengo mengi ya Cobá bado yamefunikwa na udongo na miti, na kwa watoto wanaoona kitu hiki mara ya kwanza maishani, Chichén Itzá inazungumza kwa sauti iliyo wazi zaidi.

Kuhusu magoti: usiogope picha za ngazi ndefu. Hakuna apandaye tena piramidi ya Chichén Itzá. Ilifungwa kwa wageni miaka mingi iliyopita, baada ya mtalii kuanguka na kufa. Eneo lote ni tambarare. Ni kutembea juu ya udongo uliogongwa na changarawe, na mama akivaa viatu vya soli nene na mkawa mnapumzika kila penye mti, atafanya vizuri. Mchukulieni na mwavuli. Mwavuli wa jua unafaa pale kuliko kofia, kwa kuwa uwanja mkuu hauna mti hata mmoja.

Na basi? Mara yangu ya kwanza nilipanda basi la namna hiyo, nikalijutia mpaka leo. Lilizunguka hoteli nne kuokota watu, likasimama kwenye duka la vinyago kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, likatufikisha getini jua likiwa utosini pamoja na mabasi mengine yasiyohesabika. Tulipewa saa moja na dakika kumi. Nusu ya muda huo kiongozi alikuwa akizungumza, nusu nyingine tukajificha jua. Kisima kitakatifu cha Wamaya, nitakachokueleza huko mbele, sikukiona kabisa. Nilisafiri maili elfu nyingi kukitazama kisima kile, nikarudi bila kukitia machoni, na ilinibidi ningoje miaka mitatu kupata safari nyingine. Sitaki hilo limpate mama yako, ambaye huenda asipate safari ya pili.

Kodini gari. Na hapa kuna siri inayofanya kazi kwa faida yenu, nayo ni saa. Cancún iko jimbo la Quintana Roo, Chichén Itzá iko jimbo la Yucatán, na majimbo haya mawili hayafuati saa moja: Yucatán iko nyuma kwa saa nzima. Kutoka Cancún mpaka magofuni ni kama kilomita 200, mwendo wa saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia. Swalini alfajiri, ingieni garini, na saa kumi na mbili na nusu ya Cancún muwe mmeshaondoka. Mtafika saa tatu kwa saa ya Cancún, lakini ukiangalia simu itakwambia ni saa mbili. Ndiyo saa geti linapofunguliwa. Mabasi ya mahotelini huanza kumiminika saa nne na nusu au tano. Hapo katikati mna saa mbili na zaidi za utulivu, ubaridi wa asubuhi na mwanga mzuri, na hizo saa mbili zina thamani kuliko siku nzima ya baadaye.

Wakati wa kurudi saa ile mliyopewa inadaiwa. Na jua la Desemba Cancún huzama kama saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mkitaka kufika bado kuna mwanga, ondokeni Valladolid saa tisa alasiri ya Yucatán, msizidishe. Kama mna uwezo wa kulala usiku mmoja Valladolid kabla ya siku hiyo, hilo ni bora kuliko yote niliyosema: mji ni mdogo, una uwanja wenye miti katikati, na kutoka hapo hadi magofuni ni kilomita 45 tu.

Barabara zipo mbili. Ya kulipia, namba 180D, imenyooka na haina wanyama wala vijiji, ila vituo vya mafuta ni vya kuhesabu, basi jazeni tangi kabla ya kuingia, na muwe na peso taslimu za kulipia njiani. Ya bure hupita vijijini, na vijijini kuna matuta, mengine hayana rangi wala kibao. Ukikosea unaliacha bomba la moshi barabarani. Asubuhi kukiwa bado giza tumieni ya kulipia. Bei ya gari unayoiona mtandaoni mara nyingi haijajumuisha bima ya kumlipa mtu mnayeweza kumdhuru, na bima hiyo Mexico ni ya lazima kisheria. Uliza bei kamili kabla hujatoa kadi.

Getini mtalipa mara mbili, na watu wengi hudhani wanaibiwa. Hamuibiwi. Malipo moja ni ya taasisi ya taifa ya mambo ya kale, inayoitwa INAH, na mengine ni ya jimbo la Yucatán, lililoinunua ardhi ya pale mwaka 2010; kabla ya hapo, hata kama majengo yalikuwa ya taifa, ardhi iliyoyabeba ilikuwa mali ya mtu binafsi. Jumapili wenyeji wa Mexico huingia bila kulipa kiingilio cha taifa, nao wana haki ya kujaa kwao. Nyinyi nendeni Jumanne au Jumatano.

Mkishaingia mtaiona piramidi mara moja. Inaitwa El Castillo, yaani ngome, jina walilolitoa Wahispania, ingawa haikuwa ngome hata siku moja. Ni hekalu la Kukulcán, nyoka mwenye manyoya. Ina urefu wa mita 30 hivi ukihesabu na nyumba iliyo juu. Hapa wape watoto kazi. Kila upande una ngazi yenye vidato 91, na pande ni nne. Wazidishe wenyewe, kisha waongeze kidato kimoja cha juu kabisa kinachoingia hekaluni. Watapata 365. Wamaya walikuwa na mwaka wa siku 365, wa miezi 18 yenye siku 20 kila mmoja na siku 5 za ziada zilizoogopwa, na wakati huohuo walikuwa na kalenda nyingine ya ibada yenye siku 260. Kalenda mbili hizo zilikutana upya kila baada ya miaka 52. Mtoto wa miaka 12 anaweza kuambiwa atafute kwa nini ni 52, na akipata jibu mnunulie aiskrimu. Walihesabu kwa ishirini, nukta ikiwa moja na mstari ukiwa tano, na walikuwa na alama ya sifuri, umbo la kome. Yule mdogo anaweza kujifunza kuandika umri wake kwa Kimaya garini kabla hamjafika: mstari mmoja na nukta tatu juu yake.

Kisha wasimame mbele ya ngazi ya upande wa kaskazini, ile yenye vichwa viwili vya nyoka chini, wapige kofi moja kali. Mwangwi haurudi kama kofi. Unarudi kama mlio wa ndege, na wenyeji watawaambia ni ketsali, ndege wa manyoya ya kijani marefu aliyekuwa na heshima kubwa kwa Wamaya. Kama wajenzi walikusudia au la, wataalamu wanabishana. Mlio wenyewe hauna ubishi. Fanyeni mapema, maana saa tano kila kiongozi anapiga makofi na hamtasikia kitu.

Mjue pia kwamba mnachokiona ni ganda. Ndani ya piramidi hiyo kuna piramidi nyingine ya zamani zaidi, na wachimbaji wa miaka ya 1930 walikuta humo kiti cha umbo la jagwa, mnyama mkubwa wa jamii ya chui, kimepakwa rangi nyekundu na madoa yake ni vipande vya jade, jiwe la kijani la thamani. Mwaka 2016 watafiti wa Mexico walitangaza kwamba ndani ya hiyo ya pili kuna ya tatu. Wageni hawaingizwi, na ni vyema hivyo.

Mpaka hapo mtakuwa mmetumia dakika thelathini. Sasa fanyeni jambo ambalo mabasi hayafanyi: msiende kwingine, mchukueni mama mkono mwende kisimani.

Kaskazini ya piramidi kuna njia pana iliyoinuliwa, kama mita 300. Wamaya waliita barabara hizo sakbé, njia nyeupe, kwa sababu zilipigwa chokaa. Mwisho wa njia hiyo ardhi inafunguka. Ni shimo la mviringo, upana wake unakaribia mita 60, kingo zake zimesimama wima kama ukuta, na maji ya kijani yako chini kabisa. Shimo la namna hii huitwa senote, na ni la asili: maji ya mvua hula mwamba wa chokaa kutoka chini mpaka dari likaporomoka. Kaskazini mwa Yucatán hakuna mto unaopita juu ya ardhi. Mvua ikinyesha mwamba unaimeza. Mtu wa Unguja anayejua nchi ya maweni ataelewa haraka: juu pakavu, chini kuna maji, na maisha yako yote yanategemea unajua pa kuyafuata. Jina lenyewe la mji linasema hivyo. Chi ni mdomo, chen ni kisima, Itzá ni watu: kwenye mdomo wa kisima cha Waitzá. Piramidi haimo hata kwenye jina.

Mama atataka kujua kama watu walichota hapa. Hapana. Kisima cha kunywa kilikuwa kingine, kiitwacho Xtoloc, upande wa kusini. Hiki cha kaskazini kilikuwa cha ibada, na watu walitoka mbali kuja kutoa sadaka hapa, hata baada ya mji wenyewe kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mmarekani mmoja aliyekuwa konseli, Edward Thompson, alifunga mtambo ukingoni akakwangua tope la chini: dhahabu, jade, mabonge ya kopali, ambayo ni utomvu wanaoufukiza kama sisi tunavyofukiza ubani, na mifupa ya watu. Vitu vingi alivipeleka chuo cha Harvard. Baadhi vilirudishwa Mexico miongo mingi baadaye. Ukizungumza na watu wa pale utasikia kwamba jambo hilo bado linawauma, na mimi niko upande wao.

Hapo kwenye mifupa utalazimika kuamua watoto waambiwe kiasi gani. Viongozi wengi hupenda hadithi ya mabikira waliotupwa kisimani. Mifupa yenyewe inasema vingine: ni ya wake kwa waume, na watoto wengi. Mwaka 2024 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watoto 64 waliozikwa kwenye tangi la chini ya ardhi karibu na kisima hiki, tangi lililogunduliwa mwaka 1967. Wote 64 walikuwa wavulana. Kama robo yao walikuwa na ndugu wa karibu wa damu mle mle tangini, na miongoni mwao kulikuwa na jozi mbili za mapacha wa kufanana. Mapacha wana nafasi kubwa katika hadithi za kale za Wamaya, na huenda sababu iko huko. Yule wa miaka 12 anaweza kulibeba hili ukimweleza kwa upole. Wa miaka 8 ningemwachia makofi na hesabu.

Kuna sehemu ya pili ya uchunguzi ule ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Walichukua pia damu ya wenyeji wa kijiji cha Tixcacaltuyub, kusini-magharibi ya hapo, na wakakuta ukoo haujakatika: watu wa leo ni wajukuu wa watu wa kale. Nalisema kwa mkazo kwa sababu vitabu vya shule na televisheni vimewafundisha watu kwamba Wamaya walitoweka. Hawakutoweka. Miji ya kusini iliachwa kati ya miaka ya 800 na 900 hivi, na tope la maziwa ya Yucatán linaonyesha ukame mkali wa nyakati hizo. Chichén Itzá yenyewe ilistawi wakati ile ya kusini ikianguka, kisha nayo ikazimika karibu na mwaka 1100, wakati Kilwa yetu ikianza kusimama. Miji ilikufa, watu wakarudi vijijini na mashambani. Leo Kimaya cha Yucatán kinasemwa na zaidi ya watu laki saba Mexico, na familia nyingine za Kimaya, zenye lugha zao, zinahesabiwa kwa mamilioni mpaka Guatemala. Mtu atakayewauzia maji getini huenda ni mmoja wao.

Kutoka kisimani rudini taratibu mpaka uwanja wa mpira. Una urefu wa mita 168, mrefu kuliko uwanja wetu wa kandanda, na kuta zake mbili zina pete za mawe zilizowekwa mita 6 juu. Mpira ulikuwa wa utomvu wa mti, mgumu na mzito, ukipigwa kwa nyonga. Chini ya ukuta kuna nakshi ya mchezaji aliyekatwa kichwa, damu yake ikichuruzika kwa umbo la nyoka. Kiongozi atawaambia kwa uhakika kwamba aliyeuawa ni mshindi, mwingine atasema ni aliyeshindwa. Hakuna maandishi ya pale yanayoamua. Kama mama bado ana nguvu, endeleeni hadi hekalu la mashujaa na nguzo zake, kisha kusini mpaka El Caracol, jengo la duara ambalo wengi huliona kuwa lilitumika kutazamia nyota, hasa Zuhura. Kama amechoka, liacheni, wala msione mmepungukiwa.

Wauzaji wa vinyago watakuwa wamejaa njia zote itakapofika saa nne, na watoto watavutwa na filimbi inayonguruma kama jagwa. Nunueni moja, mbili zitawachosha garini. Bei inapatanwa, kama sokoni Mgandini kule Tanga.

Kiongozi msimkodi hotelini. Mchukueni pale getini, mwenye kitambulisho, na muulizeni kwanza kama nyumbani kwao kinasemwa Kimaya. Mkipata wa hivyo mmepata zaidi ya maelezo ya mawe.

Chakula sasa. Sahani inayosifiwa kuliko zote Yucatán, cochinita pibil, ni nguruwe, na mikahawa ya watalii karibu na magofu huiweka mbele kabisa. Ulizeni pollo pibil: ni kuku aliyerowekwa kwenye danzi na zingefuri, akafungwa majani ya mgomba, akapikwa taratibu. Mama ataitambua zingefuri; mti wake ulitoka Amerika ukaja mpaka mashamba ya viungo ya Zanzibar. Lakini kuku huyo hajachinjwa kwa sharti letu, na Valladolid usitegemee kupata nyama ya halali. Kwa familia inayoshika hilo, njia salama ni papadzules, chapati za mahindi zenye mayai ndani na mchuzi wa mbegu za maboga, au samaki. Maharage yawe ya mwisho: mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, yanayoitwa manteca. Ulizeni "¿tiene manteca de cerdo?" na msione haya kuuliza mara mbili. Mimi ningebeba na chapati za nyumbani za kula kwenye gari mkitoka, kwa kuwa chakula hakiruhusiwi kuingizwa ndani. Maji ya kunywa yanaruhusiwa, na mbebe mengi.

Kuogelea kwenye senote wacha watoto wafanye njiani kuelekea Valladolid. Karibu na magofu kuna Ik Kil, ila hujaa mno mchana, na kuifikia ni kushuka ngazi ndefu zenye maji ambazo mama asizijaribu. Akae juu apumzike. Mtaambiwa muoge kabla ya kuingia ili mafuta ya ngozi yasichafue maji. Tiini, maji hayo ni yale yale ya chini ya mwamba wanayokunywa watu.

Jambo la karatasi, nisije nikalisahau. Mtanzania anahitaji viza kuingia Mexico, lakini mwenye viza halali ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa huko huingia kwa matembezi bila hiyo. Angalia viza ya mama kama inaruhusu kuingia Marekani zaidi ya mara moja, la sivyo mtakwama wakati wa kurudi, na uthibitishe yote na ubalozi mdogo wa Mexico hapo Houston kabla ya kulipa chochote.

Na mfundishe mama maneno mawili njiani. Wamaya wakisalimiana huuliza "Bix a beel?", yaani njia yako ikoje? Jibu ni "Ma'alob", njema. Mara yangu ya mwisho pale nilimsalimia hivyo mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza leso zilizodariziwa kivulini, karibu na njia ya kisima. Alicheka, akanivutia kiti cha plastiki, na tukakaa.